Hawakunilaza

Tulipomzika mama mkwe wangu, pale Nyabusozi, baba mdogo wa mume wangu alisimama chini ya turubai, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa bakuli la uji wa moto, akaanza kueleza wema wa marehemu. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, sahani ya wali na maharage mapajani, namsikiliza kwa moyo mweupe, kwa sababu mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Mama Masanja alikuwa mchapakazi. Hakuwahi kumfukuza mgeni, na hakuna aliyepita kwake na njaa akaondoka nayo. Kisha mzee akageuka, akanitafuta kwa macho, akaninyooshea kidole. "Ushahidi ni huyu hapa, mkwe wetu Skola. Alipopasuliwa mkono nani alimuuguza? Ni marehemu. Nani alimlimia shamba lake mpaka akapona? Ni marehemu. Akina mama wa siku hizi, jifunzeni." Watu wakaitikia. Wengine wakapiga makofi kidogo, yale makofi ya msibani. Nikamtazama mume wangu, Masanja, kule upande wa wanaume. Alikuwa anatazama viatu vyake. Katika watu wote waliokuwa chini ya turubai lile, ni sisi wawili tu tuliobaki tunaojua nani alilima shamba lile, na mwenzangu alikuwa anatazama viatu.

Sikusimama. Mtu habishani na jeneza. Lakini nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua kama bado ninayo, imekaa vilevile kama ilivyokuwa nina miaka ishirini na miwili, haijachakaa popote. Asidhani mtu kwamba nilimchukia Mama Masanja. Katika miezi yake ya mwisho ni mimi niliyemgeuza kitandani, nikamwogesha, nikamnywesha uji kwa kijiko, kwa mkono huuhuu wa kulia. Unaweza kumwogesha mtu mgongo na bado ukamkasirikia. Wajukuu zake, ambao ni watoto wangu, walikuwa wanalia pale msibani, na nisingeweza kuwaambia lolote. Ndiyo maana naliandika hapa, ili siku wakinisoma wajue kwamba aliyelima lile shamba alikuwa bibi yao mwingine, Anastazia, mama yangu, aliyetoka Ngara akashika jembe lisilokuwa lake.

Mkono ulianza kunisumbua mwaka wa pili wa ndoa. Nilikuwa nimewahi kuvunjika kifundo cha mkono nikiwa msichana, nikafungwa vijiti na fundi wa mifupa wa kijijini kwetu, mfupa ukaunga ukiwa umepinda kidogo, nikausahau. Sasa vidole vitatu vikaanza kufa ganzi. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, naamka navikung'uta kama mtu aliyeshika maji. Baadaye nikawa naangusha vitu. Niliangusha kikombe, nikaangusha ufagio, na siku moja nikaangusha kibuyu cha maziwa katikati ya uwanja, mbele ya mama mkwe, maziwa yakaingia kwenye vumbi na kuku wakakimbilia. Mama Masanja hakupiga kelele. Alitazama maziwa, akatazama mkono wangu, akasema, "Ninyi Wahangaza wa Ngara mmezoea kuchuma ndizi. Ndizi haihitaji mkono." Halafu akacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu mwali anayechekwa akikataa kucheka anaitwa mwenye kiburi. Alinifunga kamba ya dawa kwenye kifundo, kamba nyeusi yenye kipande cha mti, akaniambia nisiivue hata nikioga. Nataka niseme ukweli: aliifunga kwa upole, akipuliza pole pole kama anapooza chai. Lakini kesho yake akanipa mtwangio.

Zahanati walinipa vidonge vya maumivu mpaka mganga mwenyewe akachoka kuniona. Akasema kuna daktari wa mifupa anayekuja mara mojamoja kwenye hospitali fulani upande wa Ngara, twende tukajaribu. Masanja alikubali kwa sababu mvua zilikuwa bado. "Ukitengenezwa sasa," aliniambia, "palizi itakukuta mzima." Tukapanda gari hadi Nyakanazi, tukabadilisha, tukafika. Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, mwenye vidole laini kuliko vya mwanamke. Alinigongagonga kwenye kifundo, umeme ukakimbia mpaka kwenye kucha, nikaruka. Kisha akamgeukia Masanja. Tangu hapo hakuniangalia tena. "Mshipa wa fahamu umebanwa hapa," alimwambia mume wangu, akionyesha kifundo changu kama mtu anayeonyesha ubovu wa baiskeli. "Tunafungua kidogo, tunaupa nafasi, tunashona. Ni upasuaji mdogo. Anaingia asubuhi, jioni mnarudi nyumbani." Masanja akauliza, "Analazwa?" "Halazwi." "Na kazi?" Daktari akasema nisishike jembe, mtwangio wala ndoo kwa wiki sita, vidole nivichezeshe kila siku, na mkono nisiuache uning'inie. Masanja akasema, "Sawa, daktari," kama mtu anayeambiwa kwamba basi limechelewa kidogo.

Tulipangiwa siku. Nesi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alinieleza namna ya kujiandaa, na yeye angalau aliniambia mimi mwenyewe. Nikate kucha. Nioshe mkono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, jana yake na asubuhi yake. Nisile chochote asubuhi. Nisije na pete, bangili wala kamba. "Na kamba hii?" nikauliza. "Na hiyo." Nilirudi Nyabusozi nikamweleza mama mkwe, naye akasema hao wa hospitali wakifika kwenye kamba waiache, wapasue pembeni. Nilioga, nikakata kucha, nikasugua mkono hadi ukawaka, na kamba nikaiacha, kwa sababu niliona bora nigombane na nesi kuliko na yeye. Siku ya upasuaji nesi aliishika kwa vidole viwili, akaniuliza, "Hii nani ataivua, wewe au mimi?" Akachukua mkasi akaikata, akaitupa kwenye ndoo ya pamba chafu. Nilisikia kama nimevuliwa nguo. Masanja alikuwa mlangoni, akaona, akaondoka kwenda kukaa nje.

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi, kina dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe. Walinilaza chali, mkono wa kulia wakaunyoosha pembeni juu ya ubao, wakatundika shuka la kijani nisione. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, si kisu. Baada ya hapo mkono ukawa wa mtu mwingine, nasikia unavutwa na kusukumwa, siuoni. Niliwasikia tu. Daktari alikuwa anamsimulia nesi habari za mbuzi wake aliyekula shuka la jirani lililoanikwa, na jirani anataka alipwe shuka jipya wakati lile lilikuwa limetoboka. "Mpe mbuzi," nesi akamwambia. "Nimpe mbuzi mzima kwa shuka?" Wakacheka. Mimi nimelala pale, njaa inanikata, mkono wangu uko wazi, najiuliza kama nitaweza tena kukamua ng'ombe, na wao wanabishana juu ya mbuzi. Siku hizi nafahamu kwamba fundi mzuri huongea akifanya kazi. Siku ile nilitaka mtu mmoja aseme, "Skola, tuko hapa." Hakusema mtu. Walifunga bendeji nene kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, wakaning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa, wakaniambia nimemaliza.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, nikapewa chai ya rangi na skonzi. Pembeni kulikuwa na wodi ya wanawake, mlango wazi. Niliona vitanda, niliona mama mmoja mwenye mguu kwenye plasta, dada zake wawili wamemzunguka, mmoja anamchana nywele, mwingine anamega ndizi za kupika anampa mdomoni. Nilimtazama mama yule kwa wivu ambao sijawahi kumwonea mtu mwenye fedha. Nesi alipopita nilimshika gauni. "Dada, nilazeni. Hata leo tu." Akashangaa. "Kwani unaumwa?" "Siumwi. Nilazeni tu." "Mama, vitanda ni vya wagonjwa." "Na mimi je?" Akanipigapiga begani, akacheka kwa wema kabisa. "Wewe umepona. Nenda nyumbani ukapumzike." Hakuwa na kosa, vitanda vilikuwa vimejaa. Lakini hakujua nyumbani ninakokwenda ni wapi. Kwa watu wetu ugonjwa ni kitanda cha hospitali. Mtu akilazwa, ndugu wanapika uji, majirani wanakuja na mayai, mume anaulizwa njiani, "Mgonjwa anaendeleaje?" Mtu akirudi jioni kwa miguu yake, nani atamwita mgonjwa?

Mama yangu hakuja hospitali siku ile, ingawa alikaa karibu. Masanja ndiye aliyenisindikiza, na kwetu kama kwao, mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake. Nilimwomba Masanja anipeleke kwa mama nikapone huko. Tulikuwa tumesimama kituoni, basi la kwetu linapakia upande huu, la Nyakanazi upande ule. "Mke haendi kwao kuugua," alisema. "Watasema tumeshindwa kukutunza." Nikamwambia, "Basi mnitunze." Akasema, "Panda gari, Skola." Nyakanazi tulikaa jioni tukisubiri usafiri, mbele ya vibanda vya chipsi, malori yamepanga mstari, moshi wa nyama. Nesi alikuwa ameniambia mkono usiuachie chini, nikawa nimeutoa kwenye kitambaa, nimeuinua juu kidogo ya bega, maana ganzi ilikuwa inakwisha na kila mpigo wa moyo ulikuwa unafika kwenye kidonda. Tingo mmoja wa lori akanipigia kelele, "Dada, mwalimu hajakuona, inua zaidi!" Wenzake wakaangua kicheko. Masanja naye akatabasamu, kidogo tu, pembeni ya mdomo. Wengine wote niliwasamehe kabla gari halijafika.

Mama Masanja alitupokea mlangoni. Aliniangalia mkono, akaangalia kifundo, akatafuta kamba yake. "Wameikata," nikasema. Akauliza, "Wamekulaza?" "Hapana, mayu." Mayu ni mama, kwa Kisukuma, ndivyo nilivyomwita maisha yangu yote. "Hawakukulaza." Akairudia kwa Masanja, kama anayetaka shahidi, "Hawakumlaza." Halafu akasema neno ambalo lilinifunga mwaka mzima: "Basi ni kidonda." Na kidonda kila mtu anacho. Jioni ile tulikula ugali na mlenda, nami nilimega kwa mkono wa kushoto mbele ya watu, tone la mlenda likianguka kwenye bendeji, na hakuna aliyesema, ngoja nikumegee. Nililala kwenye nyumba yetu ndogo nyuma ya nyumba yake. Kesho yake nilipokwenda kumwamkia, nikasema mwangaluka, akaitikia vizuri, akaniuliza nimeamkaje. Jembe langu lilikuwa limeegemezwa mlangoni.

Nililichukua siku zile mvua zilipoanza. Ng'ombe walilima, mahindi yakaota, na magugu yakaota nayo, na palizi kule ni kazi ya mwanamke. Nilipalilia kwa mkono wa kushoto, mpini nimeukaza kwapani. Mama Masanja alikuwa kwenye shamba lake, jirani na langu, amepinda mgongo tangu asubuhi, umri ule, hasimami hata kunywa maji, na aliponiona nimeketi akaniita. "Masanja huyu nilimzaa Jumatatu. Jumatano nilikuwa kwenye pamba, yeye mgongoni. Hakuna aliyeniambia pumzika." Alisema kwa fahari. Siku zile nilichosikia ni ukatili tu. Leo nasikia pia mwanamke aliyeibiwa, na bado hasira haipungui, kwa sababu aliyeibiwa alikuwa ananiibia mimi. Nikajaribu kuongeza mkono wa kulia, kidogo tu, wa kuongoza. Nyuzi mbili zikakatika. Bendeji ikalowa, kisha ikanuka. Mchana mmoja nimelala kwa homa chumba cha ndani nyumbani kwa mama mkwe, chumba cha magunia ya karanga na mbegu, ambacho ukuta wake haufiki kwenye bati, nikawasikia sebuleni. "Ng'ombe zote zile za mahari," mama mkwe alikuwa anasema, "kwa mkono mmoja." Masanja akasema, "Mkono utapona." "Usipopona? Ng'ombe mbovu anarudishwa." Nilisubiri mume wangu ajibu. Nilisikia anakuna kichwa. Nilisikia kuku. Kisha akauliza kama chumvi ya ng'ombe imebaki.

Siku chache baadaye mama yangu akatokea njiani, kikapu cha ndizi kichwani na maharage kwenye mfuko. Alikuwa amekuja kunijulia hali, kama mama yeyote. Mama Masanja alimkimbilia, wakashikana mikono, wakaulizana habari za watu wote, kuku akachinjwa. Hakuna aliyekosea adabu hata kidogo. Mama alipewa kulala chumba kile cha mbegu, nami nikahamia naye, kwa kuwa kwenye nyumba ya mkwe wake asingeweza kuingia. Tulipofunga mlango akaniambia nifungue bendeji. Alitazama. Alinusa. Alikwenda akachemsha maji, akatia chumvi, akaosha kidonda kwa kitambaa, akisema kwa Kihangaza, "Ihangane, mwana wanje," vumilia mwanangu, na sikuona chozi wala hakuuliza swali. Alitazama tu kucha za mkono wangu wa kushoto, zilivyojaa udongo. Asubuhi yake alinipeleka zahanati wakanipa dawa ya usaha. Asubuhi iliyofuata nilipoamka hakuwepo. Jembe langu pia halikuwepo.

Nilimkuta kwenye mahindi yangu, amefunga kanga kiunoni, ameshapiga mstari mzima. Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia hasa, na sijui kama mtu wa mjini ataelewa. Mama wa bibi harusi ni mgeni wa heshima. Anakalishwa kwenye kiti, anapewa maziwa, hapewi hata ufagio. Mama yangu akipalilia shamba la wakwe ni sawa na kusema mbele ya kijiji kizima kwamba bidhaa niliyowauzia ina kasoro, acheni nimalizie deni kwa mgongo wangu. Mama Masanja alikuja mbio. "Mkwe! Mkwe, weka jembe chini, unatuaibisha." Mama akasema, "Siwezi kukaa bure, mkwe wangu. Nyumbani nimezoea." "Weka chini." "Nitaweka nikichoka." Siku ya kwanza Mama Masanja alimzuia kwa dhati, namshuhudia kwa hilo. Siku ya pili alikuja akamwonyesha mpaka wa shamba unapoishia, asipalilie la jirani. Siku ya tatu hakuja.

Masanja yeye alikuwa anazunguka. Alikuwa na njia fupi ya kwenda malishoni iliyopita kando ya shamba, sasa akawa anapita mbali, nyuma ya kichuguu, kwa heshima ya mkwe wake. Nilimwona kila siku akizunguka na ng'ombe wake ili asimwone mama yangu akimlimia. Jioni anakohoa kabla ya kuingia uwanjani, na mama, akisikia kikohozi, anaacha alichoshika na kuingia ndani. Masanja anakula, ananawa, anasifu mboga. Mboga ilikuwa ya mama. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa. Mama alinipa maharage mabichi nitoe kwenye maganda, kidole kimoja kimoja, cha gumba na cha shahada, kisha cha gumba na cha kati, kama daktari alivyoagiza vichezeshwe. Vidole vilikuwa vinarudi. Ganzi ilikuwa imeondoka kabisa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilisikia ubaridi wa ganda la haragwe kwenye ncha ya kidole. Nilifurahi, halafu nikainua macho nikamwona mama amepinda kule mbali.

Kisha ikaja mvua ile. Ilikuwa mchana, imeanza bila ngurumo, ikamwagika. Masanja alikuwa sebuleni kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, anakula michembe na maziwa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa wanavyovipenda. Mama Masanja alikuwa anachambua karanga. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani. Nikamwona mama anakuja kutoka shamba, anakimbia kwa namna ya watu wazima, jembe begani, kanga imemganda mwilini. Alifika uwanjani, akamwona mkwe wake mlangoni, akasimama. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Akarudi nyuma, akaenda kujibanza chini ya ukingo wa kihenge cha mahindi, ambao haumfuniki hata mbuzi, akatugeuzia mgongo kama adabu inavyotaka.

"Masanja," nikasema, "mama yupo nje."

"Nimemwona."

"Inuka uende nyumbani kwako, apite."

"Mvua itakatika sasa hivi." Akamega mchembe mwingine.

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ameona kila kitu. Alisema, bila kuinua macho kwenye karanga, "Mwache mtoto amalize kula."

Sikumbuki nilivuka vipi chumba kile. Nakumbuka bakuli likiwa mikononi mwangu, mikono yote miwili, bendeji na yote, na maziwa ya moto yakinimwagikia vidoleni. Nilitupa bakuli uwanjani. "Toka!" nilimwambia mume wangu. "Toka nje ulowe na wewe!" Alisimama, kigoda kikaanguka. Alikuwa mrefu kuliko mlango. Nadhani alitaka kunipiga, na nadhani nilitaka anipige, ili nami nipate la kusema kwa wazee. Hakunipiga. Aliinama akatoka kwenye mvua, akaenda upande wa zizi. Mama aliingia baada yake, akalisimamisha jembe kwenye kona, akapita katikati yetu, maji yakimchuruzika, akaingia chumba cha mbegu akafunga mlango. Uwanjani kuku walikuwa wanagombea michembe.

Jioni Mama Masanja alituita. Alikuwa ametulia, na utulivu wake ulinitisha kuliko kelele. "Mkwe," alimwambia mama, "mtoto wako amemwaga chakula cha mume wake. Ameinua sauti kwenye nyumba yangu. Sina ugomvi na wewe. Mchukue, kesho urudi naye." Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilishaona basi, nilishaona migomba ya kwetu. Nikamgeukia mama, nikitegemea kumwona anakusanya vitu. Alikuwa ananitazama kwa ukali ambao sijawahi kuuona usoni mwake. Akanishika bega, akanikandamiza, na vidole vyake vilikuwa na malengelenge, niliyasikia kupitia blauzi. "Piga magoti," alisema. Nikakataa. Akaniinamia sikioni, akasema kwa Kihangaza, pole pole, "Nimelima ili ubaki hapa. Usinilimishe bure." Nikapiga magoti. Niliomba msamaha kwa Mama Masanja, na kwa Masanja aliyekuwa amesimama nje ya ukuta. Walinisamehe. Hakuna aliyemwomba mama yangu msamaha, na yeye mwenyewe hakuonekana kuungoja.

Kwa miaka mingi hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kuliko kisu, kuliko "ng'ombe mbovu." Nilimkasirikia yeye. Nilimuuliza mara moja, miaka baadaye, kwa nini hakunichukua. Akasema, "Ningekupeleka wapi? Kwa kaka yako, ukawe mzigo wa mke wake? Pale ulikuwa na shamba." Nikasema, "Lilikuwa shamba lao." Akasema, "Nilikuwa nalifanya liwe lako." Sikukubaliana naye, wala leo sikubaliani. Lakini nimelima hapo miaka yote hii, nimesomesha watoto kwa shamba hilohilo, na sijui ningemjibu nini angekuwa hai.

Alibaki mpaka palizi ikaisha. Aliondoka asubuhi yenye ukungu, Mama Masanja akamsindikiza hadi njia panda na zawadi ya kuku, wakaagana wakicheka. Mahindi yalikuja vizuri mwaka ule, marefu, yamejaa. Wapita njia walimpongeza Mama Masanja, naye aliitikia, "Mkwe wangu huyu amelima," akinionyesha mimi, kwa nia njema ya kunipandisha. Kidonda kilikuwa kimebaki mstari mweupe. Nilivuna kwa mikono miwili. Nilipomaliza kupukuchua nilichagua gunia zuri kuliko yote, nikalijaza mahindi yaliyopepetwa, nikalishona mdomo kwa kamba ya katani, mbele ya mama mkwe, mchana kweupe, bila kumwomba mtu. "Unauza?" akauliza. "Siuzi, mayu." Alitazama gunia, akatazama mkono wangu unavyovuta sindano ya gunia. Akarudi kwenye ungo wake.

Nilikuwa najaribu kuliviringisha kuelekea njiani Masanja alipotokea na baiskeli. Hakuuliza. Alilinyanyua peke yake, akalifunga kwa mpira wa tairi, akasukuma, nami nikafuata nyuma, mpaka barabara kuu ambako mabasi ya Ngara hupita. Kuna watu watakaosema hapo alikuwa anaomba msamaha, na huenda ni kweli, lakini msamaha unaosukumwa kwenye baiskeli sikuupokea. Basi liliposimama kondakta akashuka na kalamu nene ya kuandikia mizigo. "Linakwenda kwa nani?" Masanja akafungua mdomo. Nikaichukua ile kalamu kutoka mkononi mwa kondakta, nikainama, nikaandika juu ya gunia kwa mkono wa kulia, herufi kubwa, nikikaza mpaka wino ukapenya: ANASTAZIA.

"Na aliyetuma?" kondakta akauliza.

"Hakuna aliyetuma," nikamwambia. "Ni lake."